Barua pepe za WordPress zisizofika: mwongozo kamili wa kuzituma kwa SMTP

Mteja amelipa, duka limemwambia asante, risiti haionekani. Mwingine kasahau nenosiri, kabofya kiungo cha kuliweka upya, kasubiri nusu saa bila kupata kitu. Ukiingia kwenye dashibodi hakuna kosa lolote, na fomu ya mawasiliano inasisitiza kwamba ujumbe umetumwa. Mara nyingi WordPress haina hitilafu. Inatuma barua kwa jina la kikoa chako (domain) bila kitu chochote cha kuthibitisha kwamba ina ruhusa ya kufanya hivyo, na Gmail haikubali tena barua za namna hiyo kirahisi.

Dawa ni kuzituma kwa SMTP, yaani kupitia seva ya barua inayokuuliza jina na nenosiri kwanza. Watu wengi huanza kwa kuweka plagini (programu ya nyongeza ya WordPress) na kuishia hapo. Plagini ni dakika tano za kazi hii. Kazi yenyewe iko kwenye rekodi za DNS (orodha ya umma ya taarifa za kikoa chako) na kwenye anwani ya mtumaji, na huko ndiko tutakakokaa zaidi. Mifano yote inatumia example.com, weka kikoa chako mahali pake.

Barua inapita wapi

Karibu kila barua inayotoka WordPress hupitia fanksheni moja, wp_mail(). Oda za WooCommerce (plagini ya duka), fomu, taarifa za maoni, kuweka upya nenosiri, zote humo. Fanksheni hiyo huikabidhi barua kwa PHPMailer, maktaba iliyomo ndani ya WordPress yenyewe. PHPMailer isipoelekezwa vingine huita mail() ya PHP, lugha iliyoandikia WordPress, nayo huitupia programu ya barua iliyo kwenye seva hiyohiyo. Katika safari hiyo hakuna aliyeulizwa jina wala nenosiri. Anwani ya mtumaji, kama hujaibadilisha, ni wordpress@example.com, sanduku ambalo kwa kawaida hata halipo.

wp_mail() ikirudisha jibu la kweli, maana yake ni kwamba barua imepokelewa na hatua inayofuata, basi. Haisemi kama imefika. Ndiyo sababu fomu hujisifu kutuma barua ambazo hakuna aliyeziona.

Kwenye seva ya pamoja, ile ya bei nafuu ambayo wengi wetu tunaanzia, anwani moja ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) hubeba tovuti nyingi. Mmoja wao akidukuliwa na kuanza kumwaga spamu, sifa ya IP hiyo huharibika kwa wote. Kampuni nyingine huamua kuizima mail() kabisa, na hapo utaona "Could not instantiate mail function".

Chagua atakayekutumia

Njia ya kwanza ni sanduku la barua la kampuni inayohifadhi tovuti yako, lile unalolifungua kwenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na barua kwenye seva). Halina gharama ya ziada na linatosha kwa tovuti ya shule, kanisa, msikiti au ofisi ndogo inayotuma barua chache kwa siku. Udhaifu wake ni IP ya pamoja, pamoja na kikomo cha barua kwa saa ambacho kampuni huweka. Uliza kikomo hicho kabla ya kuanza.

Njia ya pili ni Google. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, na Google Workspace barua 2,000. Gmail ya kawaida haifai kwa biashara yenye kikoa chake, kwa sababu Google huibadilisha anwani ya mtumaji irudi kuwa ile ya akaunti, isipokuwa anwani yako nyingine umeisajili kwenye "Send mail as". Workspace inafaa, hasa kama barua za ofisi tayari ziko huko.

Njia ya tatu ni huduma iliyojengwa kwa ajili ya kutuma tu: Brevo, Amazon SES, Mailgun, Postmark, SMTP2GO. Kwa duka la mtandaoni, sisi tungeanzia hapa. Brevo hutoa barua 300 kwa siku bila malipo, na hizo zinatosha duka dogo kwa muda mrefu. Amazon SES ni rahisi mno kwa bei, lakini akaunti mpya huwekwa kwanza kwenye uwanja wa majaribio: barua 200 kwa saa 24, na kwa anwani ulizozithibitisha tu, mpaka uombe kufunguliwa. Wengi hukwama hapo wakidhani wamekosea mipangilio.

Usiombe huduma mbili zifanye kazi moja. Chagua moja, iweke sawa, halafu endelea.

Hatua ya 1: tengeneza anwani ya mtumaji

Fungua anwani halisi kwenye kikoa chako, kwa mfano taarifa@example.com. Kwenye cPanel ni "Email Accounts", kisha "Create". Iwe anwani inayopokea barua, kwa sababu wateja hujibu risiti hata ukiwaandikia wasijibu, na barua zilizogonga mwamba hurudi humo.

Kisha kusanya vitu vinne: jina la seva ya SMTP, porti (namba ya mlango wa kuingilia seva), jina la mtumiaji na nenosiri.

Kwa sanduku la cPanel, bofya "Connect Devices" pembeni ya anwani na usome sehemu ya "Outgoing Server". Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na @ na kikoa.

Kwa Google, seva ni smtp.gmail.com. Nenosiri lako la kila siku halitakubaliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha nenda myaccount.google.com/apppasswords utengeneze nenosiri la programu lenye herufi 16. Google huliandika kwa mafungu manne yenye nafasi katikati. Ziondoe nafasi hizo unapobandika.

Kwa Brevo, seva ni smtp-relay.brevo.com, na nenosiri ni ufunguo wa SMTP unaoutengeneza ndani ya akaunti. Usiuchanganye na ufunguo wa API (wa programu kuzungumza na programu), ambao nao uko hapohapo jirani. Ukiuweka kwenye nafasi ya SMTP utakataliwa.

Kuhusu porti: 587 huanza mazungumzo bila usimbaji kisha huyapandisha kwenye TLS (mawasiliano yaliyosimbwa), na 465 husimbwa tangu sekunde ya kwanza. Zote mbili ni sawa, mradi porti na aina ya usimbaji vikubaliane. 587 na "TLS", 465 na "SSL". Ukizigeuza, ukurasa utaning'inia kisha utakufa bila maelezo ya maana. Porti 25 ni ya seva kuzungumza na seva, iache. Kama una seva yako kwenye wingu, jua kwamba AWS na Google Cloud huzuia porti 25 ya kutoka, na DigitalOcean huzuia 25, 465 na 587 kwa pamoja. Dawa yake ni 2525, ambayo Brevo, Mailgun na SMTP2GO wanaipokea.

Hatua ya 2: DNS

Kabla ya kugusa rekodi yoyote, hakikisha unajua DNS ya kikoa chako inasimamiwa wapi. Kama "nameserver" (seva zinazojibu maswali ya DNS ya kikoa chako) zinaelekeza Cloudflare, rekodi utakazoandika kwenye "Zone Editor" ya cPanel hazitasomwa na mtu yeyote duniani. Swali hili dogo hupoteza siku nzima za watu. Kwenye kompyuta yenye dig (amri ya kuuliza DNS), andika:

dig NS example.com +short

Jibu litakuonyesha pa kwenda.

SPF ni rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye kikoa chenyewe, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kwa aliye na seva ya cPanel na Google Workspace kwa pamoja inakuwa hivi:

v=spf1 a mx ip4:203.0.113.10 include:_spf.google.com ~all

(Weka IP ya seva yako pale kwenye 203.0.113.10.) SPF iwe moja tu. cPanel huiandika ya kwanza yenyewe, kisha mtu hufuata maelekezo ya Google na kuongeza ya pili, na mpokeaji akikuta mbili huhesabu kwamba zote ni kosa. Ziunganishe kwenye mstari mmoja. Tena kuna kikomo cha maulizo 10 ya DNS: kila include, a na mx huhesabiwa, na zilizojificha ndani ya include nazo huhesabiwa. ip4 na ip6 hazihesabiwi. Ondoa huduma ulizoziacha miaka iliyopita.

DKIM ni saini. Seva inayotuma huitia barua saini kwa ufunguo wa siri, na wewe unaweka ufunguo wa wazi kwenye DNS ili mpokeaji ahakiki. Kwenye cPanel fungua "Email Deliverability". Kama DNS iko hapohapo, kitufe cha "Repair" humaliza kazi. Google Workspace hukupa rekodi ya TXT yenye jina google._domainkey, na baada ya kuiweka lazima urudi kwenye konsoli ya msimamizi ubofye "Start authentication", la sivyo ufunguo upo lakini hakuna anayetia saini. Amazon SES hukupa CNAME tatu (rekodi zinazoelekeza jina moja kwenye jingine). Huduma nyingine hukupa zake. Zinakili kama zilivyo.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: wasimamizi wengi wa DNS huongeza kikoa mwishoni mwa jina wenyewe. Ukiandika google._domainkey.example.com unaweza kupata google._domainkey.example.com.example.com, na rekodi haitaonekana kamwe. Hakiki kwa dig TXT google._domainkey.example.com +short. Wa pili: ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 ambazo kipande kimoja cha TXT kinaweza kubeba. Wasimamizi wengi hukata wenyewe. Wachache wa zamani hukataa, na itabidi ugawe thamani katika vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za nukuu.

DMARC huunganisha hizo mbili na anwani anayoiona msomaji. Ni TXT yenye jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@example.com

DMARC inataka SPF au DKIM, mojawapo, ipite na iwe ya kikoa kilekile kilicho kwenye "From". Huduma nyingi za kutuma hutumia kikoa chao kwenye anwani ya marejesho (zinakorudi barua zilizoshindwa kufika), kwa hiyo SPF hupita kwa jina lao na haikusaidii chochote kwenye DMARC. Inayokubeba ni DKIM. Kwa hiyo ukiona SPF imepita na bado DMARC imeshindwa, acha kuhangaika na SPF.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe angalau na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (Google huhesabu kuanzia barua 5,000 kwa siku) awe na zote tatu, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Microsoft ilifuata mwaka 2025 kwa watumaji wakubwa wa kwenda Outlook. Weka zote tatu hata kama unatuma barua ishirini.

Mabadiliko ya DNS husambaa kadiri ya TTL, yaani muda ambao seva nyingine hukumbuka jibu la zamani. Kwenye cPanel kawaida ni sekunde 14400, yaani saa nne. Usibadilishe rekodi kila baada ya dakika kumi kwa kukosa subira. Hutajua ipi ilifanya kazi.

Hatua ya 3: iunganishe WordPress

Kwa plagini, FluentSMTP, WP Mail SMTP na Post SMTP zote zinafanya kazi. Weka moja, jaza vitu vinne vya hatua ya 1, andika taarifa@example.com kwenye "From Email", kisha washa "Force From Email" au chaguo linalofanana nalo. Chaguo hilo lina uzito, kwa kuwa plagini nyingine, zikiwemo za fomu, hupenda kuweka anwani zao. Plagini mbili za SMTP kwa wakati mmoja hugombana, kwa hiyo futa ya zamani kabisa.

Asiyetaka plagini anaweza kutengeneza faili barua.php ndani ya wp-content/mu-plugins (folda isipokuwepo, iunde, faili za humo hujiwasha zenyewe):

```php
<?php
add_action( 'phpmailer_init', function ( $mail ) {
    $mail->isSMTP();
    $mail->Host       = 'smtp-relay.brevo.com';
    $mail->Port       = 587;
    $mail->SMTPSecure = 'tls';
    $mail->SMTPAuth   = true;
    $mail->Username   = BARUA_JINA;
    $mail->Password   = BARUA_SIRI;
} );
add_filter( 'wp_mail_from', fn() => 'taarifa@example.com' );
add_filter( 'wp_mail_from_name', fn() => 'Duka la Mfano' );
```

Jina na siri viandikwe kwenye wp-config.php, juu ya ule mstari unaosema "That's all, stop editing!":

```php
define( 'BARUA_JINA', 'jina-la-mtumiaji' );
define( 'BARUA_SIRI', 'ufunguo-wa-smtp' );
```

Hivyo siri haikai kwenye hifadhidata, ambako nakala zake huzagaa kwa kila anayeshika chelezo. Msimbo huu unahitaji PHP 7.4 au zaidi.

Kama una WooCommerce, ingia "Settings" kisha "Emails" ubadilishe anwani ya mtumaji na huko. Mara nyingi imebaki na Gmail ya aliyejenga tovuti.

Hatua ya 4: fomu ya mawasiliano

Hili tunalitenga kwa sababu ndilo kosa tunalolikuta zaidi. Mwenye tovuti huweka anwani ya mgeni kwenye "From" ili aweze kumjibu. Mgeni akiwa na anwani ya Yahoo, tovuti yako inakuwa inatuma barua ikijidai ni Yahoo, na yahoo.com imeagiza tangu 2014 kwamba barua kama hiyo ikataliwe. Ujumbe wa mteja unapotea, naye anakuona mwenye dharau.

Kwenye Contact Form 7, fungua kichupo cha "Mail" uandike:

From: Duka la Mfano <taarifa@example.com>
Additional headers: Reply-To: [your-email]

Ukibofya kujibu, barua itakwenda kwa mgeni. WPForms na Gravity Forms zina nafasi ya "Reply-To" inayofanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 5: jaribu, na usome majibu

Tuma barua ya jaribio kutoka kwenye plagini kwenda Gmail. Kwa asiye na plagini, kupitia WP-CLI (WordPress kwa mstari wa amri):

wp eval 'var_dump( wp_mail( "anwani-yako", "Jaribio", "Habari" ) );'

Barua ikifika, ifungue kwenye kompyuta, bofya vitone vitatu, kisha "Show original". Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC. Zote zisome PASS. Angalia pia DKIM imetiwa kwa kikoa kipi. Rudia kwa Outlook na kwa Yahoo, maana kila mmoja ana hukumu yake. Mail-tester.com hutoa alama hadi 10 pamoja na sababu. Kisha fanya jaribio la kweli: weka oda, jaza fomu, sahau nenosiri kwa makusudi.

Isipofika, ujumbe wa kosa una maelezo kuliko unavyodhani.

"SMTP connect() failed": hukufika kwenye seva. Porti imezuiwa au jina limekosewa. Kwenye seva jaribu openssl s_client -starttls smtp -connect smtp-relay.brevo.com:587. Ikikaa kimya, tatizo ni ukuta wa moto, si WordPress. Walio Cloudflare wahakikishe rekodi ya mail ina wingu la kijivu. Lile la rangi ya machungwa halipitishi SMTP.

"535": umefika, jina au nenosiri limekataliwa. "534" pamoja na maneno "Application-specific password required" ni Google ikikuambia umetumia nenosiri la kawaida.

Kosa linalotaja "certificate" au "CN": umeandika mail.example.com, lakini cheti ni cha jina la seva yenyewe. Tumia jina lile la seva lililo kwenye "Connect Devices". Baadhi ya maelekezo yatakushauri uzime uhakiki wa cheti. Usifanye hivyo, kwani utakuwa unampa nenosiri lako yeyote atakayejidai kuwa seva hiyo.

"550 5.7.26" kutoka Gmail: barua haijathibitishwa. Rudi hatua ya 2.

Msimbo wa kosa ukianza na 4, kwa mfano 421, ni kukataliwa kwa muda, mara nyingi kwa sababu ya kasi. Punguza kasi, kisha ujaribu tena.

Zinafika kwa wateja ila kwako hazifiki

Tatizo hili lina sura yake. Barua zinazokwenda Gmail na Yahoo zinafika, lakini zinazokwenda ofisi@example.com hupotea bila kosa lolote. Hutokea baada ya kuhamishia barua za ofisi Google Workspace au Microsoft 365 huku tovuti ikibaki kwenye cPanel na inatuma kupitia seva hiyo. Seva bado inaamini kwamba sanduku liko kwake, kwa hiyo huiweka barua kwenye folda ya ndani ambayo hakuna anayeifungua. Ingia "Email Routing" kwenye cPanel, chagua kikoa, weka "Remote Mail Exchanger". Barua zilizopotea utazikuta kwenye webmail ya zamani.

Baada ya wiki chache

Kumbukumbu za plagini zinasaidia siku za mwanzo, lakini huhifadhi barua nzima, pamoja na viungo vya kuweka upya nenosiri. Anayeweza kuzisoma anaweza kuomba nenosiri la msimamizi kisha akachukua kiungo. Zima kuhifadhi maudhui, au weka zifutike zenyewe baada ya siku 7, na sasisha plagini hiyo bila kuchelewa.

Majarida na matangazo yatumie kikoa kidogo chake, kama habari.example.com, chenye DKIM yake. Watu wakiyaita spamu, risiti zako haziburuzwi nayo.

Ripoti za DMARC huja kwenye anwani uliyoiandika kwenye rua kama faili za XML, kwa kawaida kila siku. Tafuta humo vyanzo halali ulivyovisahau: programu ya uhasibu, mashine ya kuskani ya ofisini, mfumo wa tiketi. Ukishaviweka sawa vyote na wiki mbili tatu zikapita bila kushindwa kwa barua zako, badilisha p=none (tazama tu) iwe p=quarantine (peleka kwenye spamu), na baadaye p=reject (kataa). Ukihamisha tovuti kwenye seva nyingine, IP iliyo kwenye SPF na ufunguo wa DKIM wa cPanel vitabadilika pia, kwa hiyo vipitie siku hiyohiyo kabla hujaifunga seva ya zamani.